Bei ya Bustani Isemwe Kabla Jembe Halijaingia Ardhini

Leo tuweke pembeni singo na mapishi, tuzungumze juu ya mtu ambaye nyumba nyingi za Unguja na Pemba zimemfungulia mlango, lakini ni mara chache kukuta ujira wake umeandikwa kwenye bajeti: fundi wa bustani.

Fungua daftari la harusi yoyote uone. Ukumbi una mstari wake. Mpambaji, wapishi, mtia hina na piko, mshona nguo, mpiga picha wa kike, gari ya bi harusi, wote wameandikwa, kila mmoja na bei yake, na wengine wameshapewa nusu ya pesa zao miezi kadhaa kabla. Bustani haimo. Inakumbukwa wiki mbili kabla ya siku yenyewe, pale mama wa bi harusi anapotazama uani na kuona magugu, vipande vya bati na ndoo zilizopasuka, mahali ambapo akina mama watakuja kukaa siku ya shughuli. Hapo ndipo anapoitwa kijana wa mtaa wa pili mwenye panga na toroli, akaambiwa: "Mwanangu, tusafishie hapa, na maua utupandie, tutakupa kitu."

Neno hilo, "tutakupa kitu", sisi tunaona wakati wake wa kuachwa umefika. Bei ya kazi ya bustani isemwe yote, kwa tarakimu, kabla jembe halijaingia ardhini, na ilipwe yote siku kazi inapoisha. Dini yetu inatutaka hivyo, na mfuko wetu pia unatutaka hivyo, kwa sababu bustani isiyojulikana bei yake haijulikani hata itakuwaje.

Adabu inayoficha bei

Tunajua mazungumzo yanavyokwenda kwetu. Ukimuuliza fundi wa mtaani bei yake, mara nyingi atatazama chini na kusema, "Bi mkubwa, wewe nipe utakachojaaliwa." Amelelewa hivyo. Anaona haya kumtajia bei mama wa rafiki yake, au mwalimu aliyemsomesha madrasa. Mwenye nyumba naye anaona haya kuuliza mara ya pili, asije akaonekana bahili. Basi kazi inaanza, kila mmoja ana tarakimu yake kichwani, na hakuna anayeijua ya mwenzake.

Jioni ya siku ya mwisho tarakimu hizo zinakutana mlangoni. Mwenye nyumba anatoa pesa zilizokunjwa, fundi anazipokea bila ya kuzihesabu kwa sababu ya adabu ile ile, anafika njiani anazifungua, anakuta hazifiki hata nusu ya alichotarajia. Harudi kudai. Ila hatarudi pia kuja kumwagilia, wala kubadilisha mche uliokufa, na ukimpigia simu atakuambia yuko shamba. Mwenye nyumba atasema vijana wa siku hizi hawana shukrani. Fundi atasema matajiri hawana huruma. Huenda wote wawili walikuwa na nia njema, na kilichowafarikisha ni swali moja ambalo halikuulizwa siku ya kwanza.

Wanazuoni wa fiqhi wamelieleza jambo hili katika mlango wa ijara: kazi ijulikane na ujira ujulikane. Ukimwajiri mtu kwa malipo yasiyojulikana umeingiza shaka ndani ya mapatano, na shaka ndiyo mbegu ya ugomvi. Tunauliza mchele wa harusi kilo ngapi na kwa bei gani, wala hatuoni kuwa ni utovu wa adabu. Jasho la mtu lina haki zaidi ya kuulizwa hivyo.

Unachokilipia ni nini hasa

Watu wengi wakisikia "bustani" wanaona maua. Fundi anaona udongo, mawe, maji na siku. Ndiyo maana bei inaonekana kubwa kwa mwenye nyumba na ndogo kwa fundi.

Anza na udongo. Kisiwa chetu cha Unguja si kimoja chini ya miguu. Ukiwa Dole, Kianga au Kizimbani, udongo una kina, jembe linazama, na kazi kubwa ni kupalilia na kutia samadi. Ukiwa Paje, Jambiani au Makunduchi, uko juu ya mawe ya matumbawe. Udongo ni mfinyu, na shimo moja la kupandia mti linaweza kuhitaji mtalimbo na nyundo badala ya jembe. Shimo la sentimita 60 kwa 60 linalochimbwa kwa muda mfupi Dole linaweza kula nusu siku Jambiani. Bi harusi wa Dole na bi harusi wa Jambiani wasilinganishe bei kabla ya kulinganisha ardhi.

Pale ambapo udongo haupo, unaletwa. Chukua ua wa mita 10 kwa 10. Ukitaka kuutandaza udongo mzuri wa kina cha sentimita 15 tu, unahitaji mita za ujazo 15. Hiyo ni mizigo mingi ya gari ya ng'ombe, tena baada ya kushushwa nje ya geti lazima uingizwe ndani kwa toroli, usambazwe, usawazishwe, uchanganywe na samadi. Samadi yenyewe iwe imeoza vizuri, kwani mbichi huunguza mizizi na huwaletea majirani nzi.

Halafu maji. Ukoka katika miezi ya joto la kaskazi unataka kiasi cha lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Ua ule ule wa mita 10 kwa 10 utakunywa lita 500, yaani nusu ya tangi la lita 1,000, kila siku inayopita bila ya mvua. Kama maji ya bomba kwenu hutoka kwa zamu na mengine mnanunua, basi gharama ya bustani yenu haikuisha siku ya kupanda. Ndiyo kwanza imeanza.

Na mwisho zipo siku. Asmini inataka kupogolewa baada ya kuchanua ili itoe matawi mapya. Mlangilangi ukiachwa unakwenda juu mpaka maua yake huyafikii. Lazima ukatwe kilele ukiwa mdogo ili matawi yainame mkononi. Upande wa mashariki, upepo wa kusi unaleta chumvi ya bahari kati ya Juni na Septemba, na mimea laini isiyo na kinga huungua majani. Mtu anayeyajua haya hakuyajua kwa kulala. Ukimlipa, unalipia na miaka aliyotumia kuyajua.

Hesabu ya mfano

Tarakimu tutakazotumia hapa ni za mfano tu, wala msizichukue kuwa ni bei ya soko. Bei ya kweli waulizeni watu watatu wa shehia yenu waliofanyiwa kazi hivi karibuni, kisha mtajua ipo wapi. Tunachotaka ni kuonyesha namna ya kuhesabu.

Tuseme ua ni ule wa mita 10 kwa 10, na kazi ni kusafisha, kuondoa mawe, kuchanganya samadi, kupanda ukoka, asmini, mrehani na mawaridi. Fundi anasema ni siku 6, yeye na msaidizi mmoja. Tuseme fundi ni shilingi 30,000 kwa siku na msaidizi ni 20,000. Kwa siku moja ni 50,000, na kwa siku 6 ni 300,000. Hizo ni za mikono peke yake. Udongo, samadi, miche na usafiri ni mistari mingine, na vizuri viandikwe mbali.

Sasa anakuja shangazi, hodari wa kupatana, anasema, "Majani tu hayo, mpe 150,000." Fundi ana shida ya pesa, anakubali. Tumfuatilie. Msaidizi wake atamdai 20,000 kwa siku, jumla 120,000, kwani yule naye ana watoto. Fundi amebakiwa na 30,000 kwa siku 6, ambazo ni shilingi 5,000 kwa siku. Ndani yake atoe nauli ya daladala kwenda na kurudi, chakula cha mchana, na kunoa makasi. Aliye mkubwa wa kazi amegeuka kupata robo ya anayopata msaidizi wake, na hapo hatujahesabu nauli.

Atafanya nini? Hatakuja na msaidizi. Au atachimba kina cha kiganja badala ya kina cha dhiraa. Au ataleta samadi mbichi. Siku ya harusi ua utakuwa wa kijani na wageni watasifu, na baada ya miezi miwili asmini zitakuwa zimekauka, ukoka umekufa mabaka mabaka, na zile 150,000 zimekwenda. Wazee walisema rahisi huvunja upishi, na uani ni hivyo hivyo.

Kama pesa hazitoshi, na kwa wengi wetu hazitoshi, ipo njia ya heshima: punguza kazi, usipunguze mtu. Badala ya ukoka mita 100, panda mita 20 mbele ya baraza watakapokaa wazee, sehemu nyingine itandazwe kokoto au mchanga safi. Panda asmini 4 badala ya 12. Nunua mbegu za mrehani badala ya miche. Fundi afanye kazi ya siku 2 na alipwe siku 2 kamili. Ua mdogo uliotunzwa unapendeza kuliko mkubwa uliodhulumiwa mtu.

Njia tatu za kupatana

Kazi za bustani zina njia tatu za malipo, na kila moja ina mahali pake.

Malipo ya siku yanafaa pale ambapo hakuna anayejua kilichomo ardhini, kama vile kuondoa mawe au visiki. Hapo mpatane saa za kuanza na kumaliza, na nani anatoa chakula.

Malipo ya kipande yanafaa pale kazi inapoonekana kwa macho: mashimo 10 ya kiasi fulani, michongoma ya mita 30 kukatwa, kusafisha ua wote. Mkwezi wa minazi analipwa hivi tangu zamani, kwa idadi ya minazi aliyopanda, na kama sehemu ya malipo ni nazi basi inajulikana ni ngapi. Hakuna anayemwambia mkwezi "tutakupa kitu" akiwa juu ya mnazi, na anayekwea ardhini naye anastahili mapatano yale yale.

Malipo ya mwezi yanafaa kwa utunzaji. Ikiwa atakuja mara 2 kwa wiki, kwa mwezi ni kama mara 8. Ukitaka kumpa 80,000 kwa mwezi, jua kwamba umemlipa 10,000 kwa kila ujio, ujiulize kama mtu anaweza kuacha shughuli zake, akapanda daladala, akafanya kazi saa tatu, kwa pesa hiyo. Hesabu hii ya kugawa ndiyo inayoondoa udanganyifu kwenye neno "mshahara".

Nani wa kumchukua

Kuna aya ambayo wanawake tungepaswa kuipenda zaidi. Katika Surat Al-Qasas, Nabii Musa (A.S.) anafika Madyan akiwa mgeni hana kitu, anawanyweshea maji wanyama mabinti wawili wa mzee mmoja. Binti mmoja ndiye anayemshauri baba yake amwajiri, kwa sababu mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Ushauri wa kuajiri umetoka kwa mwanamke, na sifa alizozitaja zinatosha mpaka leo: uwezo na uaminifu.

Na kinachofuata, bi harusi, kinakuhusu wewe hasa. Mzee yule alimwambia Musa anataka kumwozesha mmoja wa binti zake kwa sharti amfanyie kazi miaka 8, na akitimiza 10 ni kwa hiari yake. Kazi ni gani, muda ni gani, kipi ni wajibu na kipi ni hisani, vyote vimetajwa kabla ya siku ya kwanza. Ndoa na ujira vimekutana katika mazungumzo mamoja, na hakuna lililoachwa gizani. Ikiwa mahari yako ulitaja kwa tarakimu mbele ya walii na mashahidi, usione tabu kumtajia fundi ujira wake.

Kwa hiyo usimchukue mtu kwa kumwonea huruma peke yake, wala usimwache kwa sababu hana kadi ya biashara. Mwombe akuonyeshe bustani mbili alizozipanda mwaka uliopita, si juzi, kwa sababu bustani ya juzi kila mtu anayo. Muulize asmini zilizokufa alizifanya nini. Anayejibu kuwa hazijawahi kufa, muache aende.

Sisi tunapendelea fundi wa karibu. Anajua bomba la mtaa wenu hutoka siku gani, anajua ng'ombe wa nani wana samadi iliyooza, anajua kama chini ya geti lenu kuna jiwe. Mche ukinyauka anafika kwa miguu. Na pesa yako ikitoka mkononi inalipa ada ya skuli ya mtoto unayemjua. Tena msisahau kuwa wapo wanawake wenye vitalu vya miche na mikono yenye baraka katika kupanda. Nyumba ambayo mume yuko safarini, au ambayo bi harusi yumo ndani hataki kuonwa, inaweza kabisa kumwita fundi wa kike, kwa bei ile ile ya kazi ile ile.

Akiwa ni mwanamume, basi mambo ya stara nayo yapatanwe. Aingie kwa mlango gani, abishe hodi vipi, siku zipi na saa ngapi, na nani wa nyumbani atakuwepo. Mwekeeni maji ya kunywa na mahali pa kusali. Haya yakisemwa mapema hakuna anayetahayari: wenye nyumba wako huru ndani ya nyumba yao, na yeye hafanyi kazi huku akijihisi mwizi.

Bi harusi, hesabu nyuma

Mrehani wa mbegu unataka kiasi cha wiki sita mpaka nane ndiyo uanze kuuchuma vizuri. Ukoka uliopandwa kwa vipande unataka miezi miwili au mitatu kufunika ardhi. Asmini ya kikonyo haitakuvumilia. Nunua mche ulioshika mizizi. Kwa hiyo kama unatamani kikuba chako kiwe na asmini na mrehani wa uani kwenu, fundi aitwe miezi mitatu kabla au zaidi. Ukimwita wiki mbili kabla utalipia miche mikubwa, ya bei kubwa, na utalipia haraka. Haraka nayo ina bei.

Harusi nyingi zinaangukia Mfunguo Mosi na miezi inayofuata. Maana yake kazi ya bustani inafanyika ndani ya Ramadhani, fundi akiwa na saumu juani. Ratiba iwe ya asubuhi baada ya alfajiri, kazi nzito za kuchimba zimalizike kabla ya mwezi kuandama, na siku zikiongezeka ujira uongezeke. Pia mkumbuke kuwa mwezi wetu unarudi nyuma kiasi cha siku 10 au 11 kila mwaka kwa kalenda ya jua, lakini masika haihami. Mwaka ambao dada yako aliolewa, ukoka ulinyweshwa na mvua. Mwaka wako unaweza kuangukia kaskazi, na maji yote yatoke tangini. Usiichukue bajeti yake kama ilivyo.

Tunayoambiwa tukilisema hili

Wapo wanaotuambia, "Akiona nyumba ya ghorofa anapandisha bei." Inatokea. Dawa yake ni kutenganisha vitu na mikono. Miche, samadi na udongo nunua mwenyewe, au mwende pamoja sokoni. Yeye mlipe kazi. Ukiwa na bei za watu watatu mkononi, bei ya kupandishwa utaijua.

Wengine wanasema, "Huyu ni mtoto wetu, amekula hapa tangu mdogo." Alhamdulillah, na aendelee kula. Lakini sahani ya pilau ni hisani, na ujira ni haki. Mpe haki yake kwanza, kisha mpe na pilau, na kanzu ya sikukuu ukijaaliwa. Hisani ikitumiwa kuziba shimo la haki inakuwa si hisani tena.

Na wengi, hasa wake wapya, wanasema, "Pesa anazo mume wangu." Basi zikae mkononi mwako kabla hujamwita fundi. Si adabu mtu amalize kazi saa kumi na moja jioni, aambiwe asubiri "baba" arudi, kisha baba arudi usiku na kusema yeye hakuagiza. Aliyesema "njoo ufanye" ndiye aliyebeba deni, awe mume au mke.

Liko na jambo la madhara ambalo watu hawalitaji kabisa. Panga likimkata, nyigu wakimvamia, dawa ya wadudu ikimwingia machoni, nani anampeleka hospitali? Lipatanwe. Ukimtaka apige dawa, glavu na kitambaa cha kuziba pua viwe katika gharama zako, na watoto watolewe uani siku hiyo.

Jasho na siku ya malipo

Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Siku hizi wengi tunalipa kwa simu, na simu imetuletea visingizio vipya: mtandao uko chini, salio limegoma, nitakurushia kesho. Kama mtalipana kwa simu, weka pesa tayari asubuhi, na tuma na ya kutolea, kwani ukimtumia 100,000 kamili atakachoshika mkononi ni pungufu ya mlichokubaliana. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ujumbe wa simu ni daftari jepesi. Siku ya mapatano muandikie maneno machache kama haya:

"Assalaam alaykum fundi. Tumekubaliana utasafisha ua, utachimba mashimo 6 na kupanda asmini na ukoka. Siku 4, kuanzia Jumamosi. Ujira wako na msaidizi ni shilingi kadhaa. Nusu nakupa leo, nusu siku ya kumaliza. Samadi na miche nanunua mimi. Mche ukifa ndani ya mwezi mmoja utakuja kuubadilisha."

Yeye akijibu "sawa, inshaallah", mmemaliza.

Katika hadithi iliyopokewa na Imam Bukhari, Mwenyezi Mungu ametaja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mshindani wao Siku ya Kiyama. Mmoja ni aliyeahidi kwa jina Lake kisha akavunja. Mmoja ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Na wa tatu ni aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake yote, asimpe ujira wake. Tuisome hadithi hii tukikumbuka tunaishi wapi. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na kabla ya hapo na hata baadaye, mashamba ya karafuu ya visiwa hivi yalilimwa na mikono isiyolipwa. Sote tunalaani biashara ile. Aliyemnyima kibarua ujira ametajwa katika hadithi moja na muuzaji wa watu. Hilo peke yake latosha kutufanya tuuhesabu mara mbili ujira wa mtu kabla ya kuufunga geti.

Na upo upande wa kheri. Muislamu akipanda mti, kisha akala kutoka kwake ndege, au mtu, au mnyama, Mtume (S.A.W.) amesema kuwa hiyo ni sadaka yake. Mwembe utakaopandwa kwa ajili ya harusi yako unaweza kuwalisha wajukuu wako na popo wa mtaa mzima. Ni bahati iliyoje kwa mti huo kuota juu ya haki, aliyeuchimbia shimo akipita njiani akautazama na kusema, "Huu niliupanda mimi."

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutimiza mapatano, aibariki mikono ya wanaotulimia, na azijaze kheri nyumba za mabi harusi wetu wa mwaka huu. Aamin.